Kichupa Ulichotunzia Jino

Yustina mwanangu,

Nakuandikia mchana huu mkiwa Kitanga, wewe na mama yako, mmekwenda kumuaga bibi. Namjua bibi yako, hatawaachia mpaka mle mara mbili, kwa hiyo nina muda hadi jua lipoe. Nimekaa kwenye meza yako ya kusomea na magoti yangu hayaingii chini yake. Sijui ulisomaje hapa miaka yote hiyo bila kulalamika.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakuambia habari za blanketi, za kutompa mtu begi akushikie, za kutolala mdomo wazi ndani ya basi, na nadhani alichobakiza ni kukuandikia mkononi kwa kalamu. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo tangu ukiwa darasa la tatu, na kama usingekuwa unaondoka kesho, huenda ningekaa nalo hadi kaburini.

Jambo lenyewe ni kile kichupa chenye kifuniko cha njano, kisichozidi kidole changu cha mwisho, ulichotunzia jino lako. Juzi nilikuona ukikifunga ndani ya soksi ya kijivu na kukisukuma chini kabisa ya begi. Na siku ile ulipohojiwa kazi kwa simu pale sebuleni, nilikuwa nje ya dirisha nikijifanya namwagilia mchicha. Nilikusikia ukiwaambia watu wa Mwanza kwamba uliipenda maabara kwa sababu ya kichupa alichokuletea baba yako kutoka kazini. Ukasema baba yako ndiye mtu makini kuliko wote unaowajua. Mchicha wa pembeni uliloa mpaka ukalala chini, mimi bado nimesimama na kopo.

Sasa nisikilize. Kichupa kile kilipofika mikononi mwangu hakikuwa kitupu. Mimi ndiye niliyekimwaga. Kwa ajili yake mtu alipoteza kazi, na mtu huyo unamjua. Ni Evaristi.

Najua unamkumbuka. Dereva wa mradi, aliyekupakia kwenye pikipiki yake siku za mvua ili usifike shule na matope hadi magotini. Mama yake alikuwa Muha wa Busunzu, baba yake Mrundi, na yeye alikulia Mtabila, kambi ya wakimbizi. Alikuita "mwana wanje", yaani mwanangu kwa Kiha, kama vile alikuzaa yeye. Alipoacha kuja uliniuliza yuko wapi, ukauliza tena kesho yake, nami nikakujibu kwamba amerudi Burundi. Mwaka ule Mtabila ilikuwa inafungwa na watu wanapakiwa kwenye malori na magodoro yao, kwa hiyo kila asiyeonekana alikuwa amerudi, na hakuna aliyeuliza zaidi. Ulilia kidogo, ukanyamaza. Mwanangu, Evaristi hakurudi popote. Yuko Busunzu, anatengeneza pikipiki kando ya barabara, na basi lako kesho litapita mbele ya kibanda chake.

Nikueleze ilivyokuwa, na nitajitahidi nisijipendelee.

Unajua kwamba mradi ule ulikuwa wa kuchunguza damu ya watoto wenye malaria, kwa nini mmoja anapona haraka na mwingine anazidiwa. Mkubwa wetu alikuwa Dakta Salma, mama wa Tanga, mpole lakini hapitwi na kitu. Siku ya kwanza alipokuja kutukusanya aliuliza nani kati yetu anasoma Kiingereza vizuri. Nikanyoosha mkono. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasoma majina ya dawa na tarehe za kuisha muda, basi. Karatasi yenye aya tatu ilikuwa inanitoa jasho. Lakini nilikuwa nimevaa koti jeupe kwa mara ya kwanza maishani, na koti lile lilinipa kichwa kikubwa. Nikapewa funguo za friza na daftari la mapokezi, na watu wakaanza kuniita Mzee wa Friza. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyowahi kukiri.

Wakati fulani Dakta aliagiza protini. Leo wewe utanifundisha mimi habari zake, maana ni jamii ileile uliyotuambia mezani kwamba utaishughulikia Mwanza. Wakati ule nilijua tu kwamba ni kitu cha gharama, kinatoka ng'ambo kwa ndege hadi Kigoma, na Evaristi amekwenda kukipokea. Alirudi jioni amejaa vumbi. Akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba alipata pancha njiani, jua likawa kali, akaogopa, akafungua boksi la baridi na kuongeza barafu, halafu akalifunga upya kwa seloteipu yake. Nikamwambia vizuri. Akaenda nyumbani kuoga.

Nikafungua boksi. Ndani kulikuwa na kichupa kimoja tu na karatasi ya maelekezo. Nikakiinua kichupa dirishani. Hakuna kitu. Nikakitikisa sikioni, kimya. Nikafungua kifuniko, nikakipindua juu ya kiganja na kukigonga mara mbili, kama mtu anayetafuta kidonge cha mwisho. Kiganja kikabaki kiganja. Karatasi ya maelekezo nikaitazama juu mpaka chini, nikaiona ni ndefu, nikaikunja.

Kwenye daftari nikaandika: Kimepokelewa kikiwa kitupu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku hiyo.

Nikampigia Dakta, alikuwa Dar es Salaam. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akauliza, "Umesoma karatasi?"

"Nimesoma, Dakta."

Neno moja hilo. Mengine yote niliyosema siku ile yalikuwa ya kweli, hata leo naweza kuyaapia. Kwamba sikuona kitu, kweli. Kwamba boksi lilifunguliwa njiani, kweli. Kwamba seloteipu haikuwa ile ya wenyewe, kweli kabisa. Nilimjengea mtu kesi kwa matofali mazima, na udongo wa kuyashika ukawa ni uongo mmoja.

Ofisi kubwa haikupoteza muda. Watu walishaanza kunong'ona kwamba vitu vile vina soko, kwamba mtu wa kambini ana ndugu ng'ambo ya mpaka, na mimi niliyemjua Evaristi ndani na nje nilikaa nikinywa chai yangu. Siku alipopewa barua ya kufukuzwa alikuja maabara. Hakupiga kelele. Alisimama pale mlangoni ambapo waliovaa viatu vya nje hawaruhusiwi kupita, akavua kofia yake ya pikipiki.

"Baba Yustina, wewe unaamini niliiba?"

Nikamjibu, "Mimi nimeandika nilichokiona."

"Ego," akasema, ndiyo ya Kiha. Akavaa kofia yake, akaondoka.

Jioni ile nilikuletea kichupa. Nilikuwa nimekiosha kwa sabuni na maji ya bomba, kisafi, kizuri, kingetupwa bure. Ulikuwa umeng'oka jino, na ulikuwa umegoma kulitupa juu ya paa kama watoto wenzako, kwa sababu paa letu jipya la bati lilikuwa linalirudisha. Ulijaribu mara tatu likateleza likaanguka kwenye ndoo. Basi ukaliweka ndani ya kichupa. Ukasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni kwa kidole, herufi moja moja, ukafika kwenye lile neno la Kiingereza ulilofundishwa shuleni kwamba maana yake ni binadamu. Ukaniuliza kama kuna mtu ndani. Tulicheka wote, mimi, wewe na mama yako. Nimeukumbuka mno mcheko ule, na kila ninapoukumbuka unanichoma.

Miezi michache baadaye Dakta alileta kichupa kingine, safari hii mkononi mwake mwenyewe. Nikakitazama, nikamwambia kwa huruma kabisa kwamba na hiki wametuibia. Alicheka. Akanivutia kiti karibu na mashine ya kuzungushia, akakizungusha kichupa kabla ya kukifungua, akatia maji kidogo sana kwa mrija, akakiacha kitulie. Mimi bado sikuona kitu. Kesho yake tulipofanya kipimo, vishimo vya kile kibao cha plastiki viligeuka njano mbele ya macho yangu, kimoja baada ya kingine, kutoka njano iliyokolea hadi iliyofifia; kumbe protini ilikuwemo.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemkanda mgonjwa. Protini ile hukaushwa, na huwa kidogo kiasi kwamba jicho haliioni. Wakati mwingine hung'ang'ania kwenye kifuniko, ndiyo maana lazima kichupa kizungushwe kwanza ndipo kifunguliwe. Ni protini ya binadamu lakini haijatoka kwa binadamu yeyote; bakteria wamepewa maelekezo ya mwili wetu, wanapika chakula wasichokijua. Nikamuuliza inafanya kazi gani mwilini. Akasema yenyewe haikati wala haijengi, kazi yake ni kushika. Mkono mmoja umeshika aliyepokea habari mlangoni mwa seli, mkono mwingine umeshika anayetakiwa kwenda kufanya kazi. Ikikosekana, ugonjwa unabisha hodi na waliomo ndani hawana habari.

Nikawaza habari za kina mama wetu. Tangu Evaristi aondoke, walikuwa wanakuja na watoto wao wanakaa kwenye benchi, hawajui damu inachukuliwa ya nini. Vijana wa vipimo walitoka mbali, Kiha hawajui. Mimi Kiha ninacho, subira ndiyo sina. Evaristi ndiye aliyekuwa akichuchumaa mbele ya kila mama, Muha kwa Kiha chake, Mkongo kwa Kiswahili chake cha Kikongo, mpaka mama anacheka na kutoa mkono wa mtoto. Kwenye orodha ya wafanyakazi alikuwa ni dereva tu.

Halafu Dakta akasema, "Karatasi yenyewe inaeleza hapa mwanzoni kabisa." Akaweka kidole kwenye mstari wa pili, akaniangalia. "Kile cha kwanza ulikifanyaje?"

"Nilikitupa."

Kilikuwa nyumbani, juu ya rafu, na jino lako ndani.

Alikunja ile karatasi, akaitia kwenye mfuko wa koti lake. Sidhani kama nilimdanganya sana. Aliandikia ofisi kubwa kuhusu Evaristi, wakamjibu kwamba mradi unakaribia kufungwa na nafasi haipo tena. Basi akaniita, akasema kama kazi haiwezi kurudi, angalau Evaristi ajue kwamba jina lake ni safi, na kwamba mimi ndiye ninayepaswa kwenda kumwambia. Nikamwahidi nitakwenda Jumamosi. Mradi ukafungwa, Dakta akarudi kwao akiamini nimekwenda. Jumamosi ile haijafika hadi leo.

Nimepita Busunzu mara nyingi mno. Kwenda mazishi Kibondo, kwenda harusi, kwenda kununua maharage. Kila mara nilikaa upande wa pili wa basi, na kama upande ule umejaa nilishusha kofia machoni kama mtu mwenye usingizi. Mwaka jana alinikuta sokoni hapa Kasulu. Sikuwa na pa kukimbilia, mikono yote miwili ina mafurushi. Alinisalimia kwa heshima ileile ya zamani. Nywele zake zimeanza mvi, mwanangu, naye ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza habari zako. Nikamwambia uko chuo kikuu, unasomea mambo ya protini na seli. Akafurahi, akafurahi kweli, akasema, "Mwambie mjomba wake anamsalimu." Nikaitikia. Salamu hizo sikukufikishia, kwa sababu mtu aliyerudi Burundi hawezi kukusalimia kutoka sokoni Kasulu.

Nilitembea hadi nyumbani nikajifungia chooni nikalia. Mama yako alidhani ni tumbo, akanichemshia majani.

Utaniuliza kwa nini nakuambia sasa. Kwa sababu kesho unabeba kichupa kile kwenda kukiweka juu ya meza yako ya kazi na kuwasimulia watu habari zake, na mimi sitaki usimame juu ya kitu ambacho mimi najua kimeoza chini. Kwa sababu pia kazi yako ya kwanza, umetuambia mwenyewe, ni kupokea mizigo na kuiingiza kwenye daftari. Utafungua boksi, utakuta kichupa huoni kitu ndani. Wewe umesoma, utajua la kufanya. Lakini itakuja siku utakutana na kitu usichokijua, na watakuwepo watu wanakutazama, na koti litakuwa jeupe. Mimi ningeandika tu "sijaona kitu ndani", Evaristi angekuwa kazini kesho yake. Hayo yalikuwa maneno ya macho yangu, nilikuwa na haki nayo. "Kitupu" sikuwa na haki nalo.

Na kama utakosea, maana utakosea, nakuomba uwahi. Siku ya kwanza ingenigharimu aibu ya asubuhi moja. Dakta angenigombeza, Evaristi angenitania mwezi mzima, basi. Kila Jumamosi niliyoiacha ipite iliongeza uzito, mpaka nikafika mahali nikawa simwogopi tena Evaristi, naogopa kuulizwa nilikuwa wapi miaka yote hii. 

Sikwambii haya ili unihurumie. Kusema kweli ninaogopa. Umekuwa ukiniangalia kwa macho fulani tangu ukiwa na pengo la meno, na sijui kesho asubuhi utaniangalia kwa macho gani. Hilo ndilo lililonifunga mdomo kuliko yote. Niliona afadhali mtu mmoja Busunzu aendelee kuitwa mwizi kuliko mtoto mmoja Kasulu aache kunishangilia. Nimeliandika hilo, nimelisoma tena, na ni baya kama linavyosomeka.

Mama yako nilimwambia jana ulipokuwa kwa fundi. Aliendelea kupepeta mchele mpaka ukaisha, kisha akasema kwamba kumbe miaka yote hii amekuwa akimwombea mtu wa Burundi ambaye yuko Busunzu. Lakini leo kabla hamjaondoka nimeona shati langu la kanisani limenyooshwa, limetundikwa nyuma ya mlango, na leo si Jumapili wala kesho.

Ni kwa sababu ameshaelewa ninakokwenda kesho. Tiketi nilizokata stendi ni mbili. Yako ni ya Mwanza. Yangu ni ya Busunzu. Nitakaa kiti cha nyuma yako ili usilazimike kuzungumza nami kama hutaki, na tukifika pale nitashuka. Sijui atanipokeaje. Anaweza kunifukuza, na ana haki. Anaweza kuniambia alijua siku nyingi, na hilo nadhani litaniuma zaidi. Ofisi ile haipo tena, Dakta sijui yuko wapi, wa kusikia ni yeye tu na majirani zake, nami nitasema kwa sauti ambayo majirani wataisikia, kwa sababu hata minong'ono ile waliisikia.

Usiteremke kunisaidia. Basi halitasubiri, na hii si kazi yako. Ukitaka kumpungia mkono dirishani, mpungie. Kibanda kiko mkono wa kushoto, kina tairi limetundikwa mbele.

Nina ombi moja. Ningependa nikifika niwe na kitu mkononi, nisije nikaanza kuzungukazunguka na maneno kama kawaida yangu. Kichupa kipo kwenye begi lako, ndani ya soksi ya kijivu. Sijakigusa, naapa, ingawa nimekaa na begi chumba kimoja mchana kutwa. Ukikubali, asubuhi litoe jino lako, kisha kiweke juu ya meza hii kikiwa wazi. Ukikataa nitaelewa, na Busunzu nitashuka vilevile.

Nawasikia mlangoni, mama yako anagomba kuku. Barua hii naiweka chini ya mto wako.

Baba yako